Njia ya miguu kupita nyuma ya maduka makubwa na viwanda: mimi naitetea, karibuni tubishane

Mpimanjia (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Kila ikitangazwa njia mpya ya matembezi ya mjini, hadithi ni ileile. Watu wanafungua ramani, wanaona mstari unapita nyuma ya maduka makubwa, unakatiza maghala, unazunguka yadi ya makontena, basi maneno yanaanza: nani atakwenda kutembea huko? Si wangeipeleka bustanini?

Nimekuwa kwenye timu za kuchora njia za aina hii, kwa hiyo nina upande na sifichi. Kipande cha viwandani si adhabu unayovumilia ili ufike kwenye miti. Mara nyingi ndicho kinachofanya njia iwepo kabisa.

Fikirieni ardhi. Mji ukishajaa, utapata wapi ukanda mrefu, mwembamba, ambao haujajengwa? Kando ya mto. Kando ya mfereji wa mashua za mizigo. Juu ya bomba kuu. Kwenye tuta la reli iliyokufa. Chini ya nyaya za umeme mkubwa. Hivyo vyote ama viliwekwa kwa ajili ya viwanda, ama viwanda vilivifuata. Kiwanda kikifungwa, duka kubwa linakuja kukaa palepale, maana uwanja ni tambarare na barabara ya malori ipo tayari. Ndiyo maana anayetaka kutembea muda mrefu bila kukatishwa na barabara kila hatua atapita tu mgongoni mwa majengo haya.

London kuna Greenway, kama kilomita 7, iliyo juu ya tuta la bomba la majitaka lililojengwa miaka ya 1860 chini ya mhandisi Joseph Bazalgette. Majitaka bado yanapita chini, watu wanapita juu. Capital Ring, mzunguko wa kilomita 126 hivi ndani ya jiji hilo, unalitumia tuta hilohilo. Atlanta, Marekani, wana BeltLine, mzunguko uliopangwa kuwa kama kilomita 35 kufuata reli za zamani za mizigo. Wazo lilitoka kwenye tasnifu ya mwanafunzi, Ryan Gravel, mwaka 1999.

Lakini ninaoupenda kuliko yote ni GR2013, mzunguko wa Marseille, Ufaransa. Kilomita 365, ulizinduliwa mwaka 2013 jiji lilipokuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Ukiuchora kwenye karatasi unapata umbo la namba 8. Wasanii waliouchora hawakukwepa kitu: unapita vilimani, unashuka kwenye vitongoji, unapita maduka ya pembezoni, unazunguka ziwa la chumvi la Berre pamoja na viwanda vyake vya mafuta. Yaani walichora mji kama ulivyo.

Sasa niseme kinachoziua njia hizi, kwa sababu wengi wanalaumu moshi na makelele wakati muuaji ni mwingine. Ni midomo ya mageti.

Mdomo wa geti la ghala hupanuliwa ili semi iingie bila kupunguza mwendo sana. Chukua mdomo wa mita 15. Mtu mwenye mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde anauvuka kwa sekunde 12 na nusu. Mzee anayekwenda mita 0.8 anahitaji karibu sekunde 19. Lori la mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hizo 19, limeshakula mita 158. Na wewe pale ulipo unaona mita ngapi? Ukingo umejaa malori yaliyoegeshwa kusubiri zamu, kwa hiyo pengine unaona 40. Hesabu haikubali. Ndiyo maana mtu akipita geti la namna hiyo mara moja na mtoto mkononi, harudi tena, halafu ofisini wanaandika kwamba wananchi hawapendi mandhari ya viwanda.

Dawa inajulikana. Bana mdomo, weka kisiwa katikati ili mtu avuke nusunusu, na inua sakafu ya kivuko iwe sawa na njia ya miguu, ili lori ndilo lihisi limepanda kwenye eneo la watu. Rangi ya pundamilia peke yake haitoshi. Inafutwa na matairi mapema sana.

Karibuni.

Sijashawishika

Siti ya mbele kabisa hapa. Mleta uzi unaandika vizuri ila unatuuzia mbuzi kwenye gunia. Njia za viwandani zinazosifiwa duniani ni zile ambazo viwanda vimeshakufa. High Line ya New York: reli ya mizigo ya juu ya 1934, treni ya mwisho 1980, ikafunguliwa kwa watembea kwa miguu 2009. Ilikuwa inaingiza mizigo hadi ghorofa za juu za maghala, sawa, lakini leo kuna kiwanda gani pale? Duisburg, Ujerumani, vilevile, tanuri za chuma zilizimwa 1985 ndipo ikawa bustani. Kutembea kwenye kaburi la kiwanda ni utalii. Kutembea pembeni ya kiwanda kinachofanya kazi, vumbi la saruji linakuingia puani, ni jambo lingine.

Mpimanjia

Mkuu hoja yako ina uzito, na ndiyo sababu nimeweka GR2013 mbele, viwanda vya Berre havijawa makumbusho. Thames Path nayo, njia ya taifa ya kilomita 294 kando ya mto Thames hadi London, iliyofunguliwa 1996: ukifika mashariki mwa Greenwich unakuta gati za mchanga na kokoto zinafanya kazi. Mikanda ya kusafirishia kokoto inaendelea na shughuli zake, wewe unaendelea na zako. Na kuna sehemu njia inaachana na mto kabisa kwa sababu gati haiwezi kupitika, inarudi ndani mitaani, halafu inaukuta mto mbele.

Vumbi sikatai. Kipande cha saruji kikavu kinahitaji kuangaliwa upepo unavuma wapi kwa muda mwingi wa mwaka, na njia ikae upande upepo unakotoka. Hilo linaamuliwa kabla ya kuchora mstari. Baada ya hapo umeshachelewa.

Kapteni wa Semi

Nimeendesha semi miaka mingi, niruhusuni niongee upande wa usukani maana hapa wote mnaongea mkiwa chini.

Kwanza, hatuwaoni. Si dharau, ni kabini. Mtu mfupi akisimama karibu kabisa mbele ya bampa hayupo kwenye maisha yangu. Upande wa utingo ndiyo mbaya zaidi, kuna eneo lote kuanzia mlango hadi karibu na ekseli za nyuma ambalo saiti mira inakuonyesha vipande vipande tu. London wameliwekea sheria: magari ya mizigo ya zaidi ya tani 12 yanapewa nyota 0 hadi 5 kwa kupima dereva anaona kiasi gani kwa macho yake kupitia vioo vya kabini, na tangu Oktoba 2024 ukiwa chini ya nyota 3 lazima ufunge mfumo wa ziada wa usalama. Mwenye gari akilalamika gharama namwambia aje akae kwenye kiti changu.

Pili, kona. Semi inayotaka kuingia geti la kushoto inaanza kwa kwenda kulia. Mtembea kwa miguu anaona pua inaondoka, anadhani nampisha, anaingia. Hapo trela inaanza kukata kona kwa ndani, matairi ya nyuma yanapita pale pale alipo. Dereva mzuri anajua, anaangalia. Lakini kioo kile kile kwenye kona kinaonyesha ubavu wa trela tu, mtu haonekani.

Tatu, na hili ndilo nataka wachora njia walisikie: msipitishe watu mahali tunaporudi rivasi. Gati ya kupakulia nyuma ya duka kubwa, semi inaingia kwa mkia. Ninayo milango minne imepangana, nina nafasi ya kiganja pande zote, kengele ya rivasi inalia, foklifti ya jirani nayo inalia, mwenye ghala ananipigia kelele nisogeze. Halafu katikati ya hayo anatokea mtu na spika za masikioni anafuata alama ya njano kwenye nguzo. Wapitisheni upande wa mbele, pale ninapotoka kwa pua. Kutoka kwa pua namwona mtu.

Sijashawishika

Kapteni umesomeka. Sasa upande wa mbele wa duka kubwa si ndiyo maegesho? Magari madogo yanatoka kinyumenyume kila upande, watu wanasukuma toroli, na njia ya miguu hamna, maana aliyejenga aliamini kila mtu anakuja na gari.

Mpimanjia

Hapo ndipo kazi ilipo kweli. Maegesho yakiwa makubwa, tunaomba mstari mmoja wa kuegesha kwenye ukingo utolewe, upandwe miti, uwe njia. Wenye maduka hupinga mpaka uwaonyeshe kwamba mstari wa mbali kabisa na mlango hauna gari muda mwingi. Huhitaji kuwaletea utafiti, simama nao pale kiangazi saa saba mchana, uwaonyeshe lami iliyo tupu.

Na kuna faida ambayo watu wa bustani hawaijui: choo, maji, mahali pa kukaa na chakula, vyote umbali wa dakika mbili. Njia ya porini inakupa mandhari halafu inakuacha na kibofu chako.

Mama Zuwena

Nyie wanaume mnahesabu malori. Mimi naomba tuhesabu milango.

Mchana maduka yakiwa wazi sina neno, watu wamejaa. Duka likifunga, maegesho yanakuwa uwanja mtupu, taa zinazimwa nusu ili kubana matumizi. Halafu njia inaingia kati ya uzio wa waya upande huu na ukuta wa ghala usio na dirisha hata moja upande ule. Ukishaingia umeingia. Huwezi kutoka kushoto, huwezi kutoka kulia. Mtu akija kwa mbele unamwona anakuja, dakika nzima mnatazamana, na huna la kufanya ila kuendelea au kugeuka na kumpa mgongo. Mambo ya maua na ndege naachia wengine. Nataka kujua pa kutokea kuna umbali gani, basi.

Na msiniambie niweke tochi.

Mpimanjia

Dada, hili ni kubwa na nakubali lilivyo. Kwa wachoraji makini uchochoro wa namna hiyo unakubalika tu kama ni mfupi, ni mpana, na mwisho wake unaonekana ukiwa mwanzoni. Ukiwa mrefu, toboa uzio katikati uingie kwenye barabara ya viwandani, hata kama huko ni kubaya kwa macho. Barabara yenye mlinzi getini na lori linalosubiri ina watu macho usiku kuliko bustani yoyote.

Kitu kingine tunachokifanya: alama mbili. Njia ya mchana, na mchepuko wa baada ya maduka kufunga, ambao unapita barabara kuu yenye taa. Ichorwe kwenye ramani na kwenye nguzo, mtu asijitafutie mwenyewe akiwa peke yake gizani.

Mama Zuwena

Mchepuko huo nauunga mkono. Ila uandikwe saa, siyo "usiku". Duka likifunga saa mbili, mtu asubiri usiku upi?

Wakili wa Baraza

Nimechelewa kidogo. Naona hakuna aliyegusa swali la nani ana haki ya kupita, na ndilo linaloamua kama njia itakuwepo kesho.

Kuna kupita kwa haki na kupita kwa hisani. Ukipita eneo la maduka, mara nyingi unapita kwa hisani: ni ardhi binafsi, mwenye nayo amekuruhusu, kesho anaweza kufunga geti. Ndiyo maana mnaona vibati vidogo ukutani vikisema njia hii si ya umma. Havijawekwa kwa ubaya tu. England, kwa mfano, kifungu cha 31 cha Sheria ya Barabara ya 1980 kinasema watu wakitumia njia kama haki yao kwa miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa, inachukuliwa kwamba mwenye ardhi ameitoa kuwa njia ya umma, isipokuwa aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Kibati ndicho ushahidi wake. Wengine hufunga geti siku moja kwa mwaka kwa sababu hiyohiyo. Nchi nyingine zina sheria zao, lakini hofu ya mwenye ghala ni moja popote: nikiwaruhusu leo, nitawatoa kesho?

Kwa hiyo anayeanzisha njia asiridhike na meneja wa duka aliyetikisa kichwa. Meneja atahamishwa. Pata makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi, yenye muda, yenye kueleza nani anafagia, nani analipa bima mtu akianguka, na notisi ya muda gani itolewe kabla ya kufunga.

Kiti cha Magurudumu

Nakazia kwa Wakili, kwenye hayo maandishi ongezeni vizuizi. Mwenye ghala akishakubali, sharti lake la kwanza ni "pikipiki zisipite". Basi wanaweka vyuma vya kupishana mlangoni mwa njia. Pikipiki inainuliwa na vijana wawili inapita. Mimi nabaki nje.

Nimewahi kufika mwisho wa kipande kizuri sana, lami safi, mteremko mpole, upana wa mita 2 unaotosha viti viwili kupishana, nikakuta vyuma hivyo mwishoni. Mwishoni! Mwanzoni hakukuwa na kibao chochote. Kurudi ni kule nilikotoka, na mteremko wa kushuka sasa ni mlima. Mteremko wa 1 kwa 20, yaani kupanda mita 1 kila mita 20, mikono inauvumilia. Ule wa 1 kwa 12 ni wa rampu fupi, haufai kwa safari.

Mkishindwa kuondoa vyuma, basi wekeni habari zake kule mwanzo wa njia.

Kapteni wa Semi

Nguzo moja katikati inatosha. Gari haliingii, kiti kinapita. Pikipiki itapita, ndiyo, lakini hata sasa inapita.

Majani Makavu

Mmenipa nafasi ya kuwaambia habari za magugu, na sitaiacha.

Kando ya reli za Uingereza kuna ua la njano liitwalo Senecio squalidus. Asili yake ni Sisilia, kwenye miteremko ya volkano. Likapandwa kwenye bustani ya mimea ya Oxford, likatoroka kupitia kuta za mji. Karne ya 19 reli ilipofika, likakuta kokoto na majivu ya makaa chini ya mataruma, ardhi kavu, yenye joto, isiyo na rutuba, karibu sawa na majivu ya volkano kwao. Likasafiri na treni nchi nzima. Hilo huwezi kuliona ukiwa kwenye bustani inayokatwa nyasi kila wiki.

Duisburg aliyoitaja mkuu hapo juu, mbunifu Peter Latz aliacha majengo ya chuma yasimame, na mimea iliyojiotea kwenye masalia ya viwanda ikaachwa iendelee. Udongo wenye sumu ndio ulioshughulikiwa, na mwingine ukafungiwa kwenye mahandaki ya zege ya kiwanda chenyewe. Kwa hiyo onyo: kwenye ardhi ya kiwanda cha zamani tembea juu ya njia, usichume majani ya kupika, usimwache mtoto achimbe. Ukuta mzuri wa majani unaweza kuwa umesimama juu ya risasi (ile metali yenye sumu) na lami ya makaa.

Na angalieni juu. Kozi, wale ndege wawindaji, wanapenda mabomba marefu ya moshi na minara, wanayaona kama majabali.

Sijashawishika

Haya, nimeanza kulegea, ila nina la mwisho. Njia ikipendeza, wenye pesa wanakuja. Atlanta ndiyo mfano mbaya wenu: kando ya BeltLine kodi zimepanda, jengo kubwa la ghala la kampuni ya maduka ya Sears la 1926 sasa ni maduka, ofisi na nyumba za watu wenye nazo. Ghala linatoka, ghorofa la kuishi linaingia. Halafu yule mwenye ghorofa anamshtaki jirani kwa kelele za foklifti. Kwa hiyo mnachora njia ya kupitia viwanda, na njia yenyewe inavifukuza.

Kapteni wa Semi

Hii nimeiona kwa macho yangu. Tulikuwa tunapakua alfajiri sehemu moja tangu enzi. Yakajengwa maghorofa ng'ambo ya uzio, tukaambiwa tusishushe mzigo kabla ya saa moja. Saa moja ndiyo foleni. Hao wenye maghorofa ndio wanaotaka mkate uwepo dukani saa moja hiyohiyo.

Wakili wa Baraza

England walijaribu kulitibu hilo kwenye mwongozo wa mipango miji wa mwaka 2018: anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba mzigo. Ukijenga nyumba karibu na kiwanda kilichokuwepo, kuzuia kelele ni kazi yako wewe mjenzi, madirisha mazito na kila kitu. Kiwanda kisilazimishwe kubadilika kwa sababu wewe umehamia. Haimalizi tatizo la kodi, lakini inampa mwenye kiwanda mahali pa kusimama.

Mpimanjia

Sijashawishika, hapo sina jibu la kukumaliza. Njia haiwezi kulinda kiwanda. Anayeweza ni anayetoa kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Ninachodai ni kwamba matumizi hayo yaamuliwe kabla ya njia kufunguliwa, wakati ardhi bado haina mvuto. Ukisubiri miti ikue na watu waanze kupiga picha, umeshachelewa, bei imeshaongea. Waliopanga njia wakasahau ukanda wa viwanda wamefanya nusu ya kazi.

Mgeni Njiani

Wakuu nimesoma uzi wote. Nataka kujaribu kipande cha viwandani kwa mara ya kwanza. Niende siku gani? Nilifikiria Jumapili kwa kuwa kumetulia.

Kapteni wa Semi

Jumapili kumetulia, ndiyo, na barabara ikiwa tupu wenye magari madogo wanaifanya uwanja wa mashindano. Nenda katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Malori ya alfajiri yameshashusha, ya mchana hayajaja, walinzi wako macho. Ukikuta semi imesimama getini na taa zinawaka, usipite mbele ya pua. Subiri dereva akupungie.

Mgeni Njiani

Shukrani kapteni. Na mbwa je?

Majani Makavu

Kamba fupi. Nyuma ya maghala kuna vipande vya chupa na bati kwenye majani, miguu yake itakatika. Na asinywe maji ya madimbwi ya pale.